Sudan: Bunduki zilipoiangusha dola, takiya ziliwalisha watu

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 15 Aprili 2023, sawa na mwezi 24 Ramadhani 1444, wakazi wa Khartoum waliokuwa wamekula daku na kuswali alfajiri walisikia milio ya mizinga katikati ya mji wao. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kuingia Iddi. Jeshi la taifa, chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, lilikuwa limeanza kupigana na kikosi kinachojulikana kwa kifupi chake cha RSF, chini ya Jenerali Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kwa jina la Hemedti. Wote wawili ni Waislamu na wote wawili ni Wasudan. Miezi kumi na minane tu kabla ya siku hiyo walikuwa wameshirikiana kuipindua serikali iliyokuwa na mawaziri wa kiraia.

Tangu hapo, habari nyingi za Sudan zinazotufikia ni habari za majenerali: nani kauteka mji upi, nani kakataa mazungumzo, nani kapata ndege mpya zisizo na rubani. Habari hizo ni za kweli, lakini ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni ya watu wa kawaida ambao, dola yao ilipoanguka, waliinjika masufuria barabarani wakalishana. Katika makala haya tunakusudia kuzieleza nusu zote mbili. Kwa mtazamo wetu, kila moja imezaliwa na mazoea ya muda mrefu. Vita vimezaliwa na mazoea ya watawala kugawa silaha nje ya jeshi. Uhai uliobaki umezaliwa na mazoea ya wananchi kugawana chakula.

Nchi ya khalwa na mikeka ya futari

Uislamu uliingia katika bonde la Nile la Sudan polepole, kwa karne nyingi, kupitia wafanyabiashara, ndoa na masheikh wa tariqa. Dola ya Wafunj, iliyokuwa na makao yake Sinnar tangu 1504 hadi ilipoangushwa na majeshi ya mtawala wa Misri mwaka 1821, iliwapa masheikh hao ardhi na heshima, na kandokando ya mto zikachipuka khalwa.

Khalwa ni chuo cha Qur'ani cha Kisudan. Mwanafunzi huandika aya kwenye ubao kwa wino wa masizi, na akishazihifadhi huuosha ubao na kuandika nyingine, kama walivyofanya wazee wetu katika vyuo vya mwambao. Usiku huwashwa moto uitwao taqaba, na wanafunzi huuzunguka na kusoma kwa mwanga wake. Miongoni mwa khalwa zinazojulikana sana ni ile ya Umm Dawan Ban, mashariki ya Khartoum.

Pembeni ya khalwa huwa pana jiko. Mwanafunzi aliyetoka mbali, msafiri aliyeishiwa na maskini wa kijiji wote hupata hapo asida, yaani ugali wa mtama, bila kuulizwa ukoo wala kabila. Mahali hapo pa kulishia watu Wasudan hupaita takiya. Tunamwomba msomaji alikumbuke neno hili, kwani tutalirudia.

Ramadhani ya Sudan nayo ina sura yake. Kinamama huanza wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama kutayarisha helu-mur, kinywaji ambacho jina lake lina maana ya tamu na chungu. Mtama huoteshwa, hukaushwa, husagwa, huchanganywa na viungo, kisha huokwa juu ya bamba la moto kwa tabaka nyembamba ambazo baadaye hulowekwa majini. Harufu yake ikitapakaa mtaani, watoto hujua kuwa mwezi u karibu. Magharibi inapokaribia, wanaume hutandika mikeka nje ya nyumba na kila nyumba hutoa sinia yake. Vijana husimama barabarani kuyazuia magari, ili wasafiri washuke wafuturu kwanza.

Juu ya yote hayo kuna nafir, yaani mwito wa kazi ya pamoja. Shamba la mgonjwa likikosa mlimaji, au nyumba ikibomolewa na mafuriko, mwito hutolewa na majirani hukusanyika. Kwetu neno lililo karibu zaidi ni msaragambo. Agosti 2013, mafuriko makubwa yalipoikumba Khartoum na serikali ikachelewa kuitikia, vijana walianzisha kampeni ya misaada wakaipa jina hilo hilo la Nafir. Miaka kumi baadaye jina hilo lilikuja kubeba mzigo mzito zaidi.

Silaha za kuazima

Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956, baada ya zaidi ya nusu karne chini ya bendera mbili, ya Uingereza na ya Misri. Tangu hapo imetawaliwa na wanajeshi kwa miaka mingi kuliko raia: Ibrahim Abboud aliingia 1958, Jaafar Nimeiri 1969 na Omar al-Bashir 1989. Hata hivyo Wasudan hawakuwa watu wa kunyamaza. Oktoba 1964 walimwondoa Abboud kwa migomo na maandamano, na Aprili 1985 wakafanya vivyo hivyo kwa Nimeiri.

Hapo inafaa kumkumbuka Jenerali Abdel Rahman Swar al-Dahab. Alishika madaraka Aprili 1985, akaahidi kuyarejesha kwa raia, na mwaka uliofuata, baada ya uchaguzi, akayakabidhi na kwenda zake. Alipofariki mwaka 2018 alizikwa Madina. Mfano wake unaonesha kuwa askari anaweza kutimiza ahadi, na kwamba wanaodai hawawezi kuondoka huwa hawataki.

Ubaya mkubwa ulikuwa katika namna watawala walivyopigana vita vyao. Vita vya Kusini vilivyorejea mwaka 1983 vilikuwa ghali, na askari walichoka. Katika miaka ya 1980 serikali ikaona njia ya mkato: kuwapa bunduki wafugaji wa mpakani wapigane kwa niaba yake, na ujira wao uwe mifugo na mali watakayopora. Al-Bashir alipoingia aliongeza jeshi la mgambo kwa sheria ya mwaka 1989. Vita hivyo vilimalizwa kwa mkataba wa Januari 2005, na Julai 2011 Sudan Kusini ikajitenga. Lakini mazoea ya kuazima bunduki hayakuondoka nayo.

Mwaka 2003 vikundi vya Darfur vilishika silaha vikilalamika kuwa jimbo lao limetupwa. Serikali ikawajibu kwa kuwapa silaha watu wa baadhi ya makabila ya wafugaji, wakajulikana kama Janjawidi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa, na zaidi ya milioni mbili wakayakimbia makazi yao. Yafaa tuseme wazi kwamba watu wa Darfur, wauaji na waliouawa, ni Waislamu. Darfur ilikuwa usultani wa Kiislamu hadi Sultani Ali Dinar alipouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1916, na sifa yake ya kuhifadhisha Qur'ani inajulikana Sudan yote. Ugomvi wa malisho na maji ulikuwapo tangu zamani, na ukame uliuzidisha. Lakini wazee walikuwa na mabaraza ya kuusuluhisha. Mtawala alipompa upande mmoja bunduki na gari, mabaraza hayakuwa na la kusema tena.

Mwaka 2013 al-Bashir aliwakusanya wengi wa wapiganaji hao katika kikosi kipya, RSF, akamweka Hemedti, aliyewahi kuwa mfanyabiashara wa ngamia, kuwa mkuu wake. Mwaka 2017 bunge likakipa kikosi hicho sheria yake chenyewe. Hemedti na ndugu zake waliingia katika dhahabu ya Jebel Amir, na watu wake wakapelekwa kupigana Yemen kwa malipo. Mlinzi wa mfalme akawa na hazina na jeshi lake mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe: Aprili 2019, wananchi walipolizunguka makao makuu ya jeshi, mlinzi huyo alishirikiana na majenerali wengine kumwondoa bwana wake.

Mapinduzi yaliyoporwa

Maandamano hayo yalikuwa yameanza Desemba 2018, bei ya mkate ilipopanda, na mji wa Atbara ukawa miongoni mwa miji ya mwanzo kuwaka. Wanawake walikuwa mstari wa mbele. Al-Bashir aliondolewa tarehe 11 Aprili 2019, lakini watu hawakuondoka barabarani, kwa kuwa walitaka serikali ya kiraia. Tarehe 3 Juni, siku ya 29 ya Ramadhani, waliokuwa wamekaa nje ya makao makuu ya jeshi walishambuliwa alfajiri, na zaidi ya 100 wakauawa. Agosti mwaka huo yalifikiwa makubaliano ya kutawala kwa pamoja, na Abdalla Hamdok akawa waziri mkuu. Tarehe 25 Oktoba 2021 al-Burhan na Hemedti wakaipindua serikali hiyo.

Walipobaki wawili, swali moja likawashinda: lini RSF itaingizwa katika jeshi la taifa? Jeshi lilitaka miaka miwili. RSF ilitaka miaka kumi. Jibu lilitolewa kwa mizinga.

Vita vilivyoingia majumbani

Wapiganaji wa RSF waliingia katika nyumba za watu wa Khartoum, wakawafukuza wenyewe au kukaa nao kwa nguvu. Magari, dhahabu za kinamama na hata milango na nyaya za umeme vilichukuliwa. Wanawake wengi walidhalilishwa, jambo lililothibitishwa na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa. Magharibi mwa Darfur, katika mji wa El Geneina, watu wa kabila la Wamasalit waliuawa kwa maelfu katika mwaka 2023. Desemba mwaka huo Wad Madani ikaanguka, na pamoja nayo ardhi ya Gezira, ambayo tangu 1925 imekuwa shamba kubwa kuliko yote nchini.

Jeshi liliirudisha Wad Madani Januari 2025, na Machi likalikomboa kasri la rais mjini Khartoum. Lakini Darfur, mji wa El Fasher, uliozingirwa tangu Mei 2024, ulikuwa ukikosa hewa. Ijumaa ya tarehe 19 Septemba 2025 ndege isiyo na rubani iliupiga msikiti wakati wa swala ya alfajiri, wakafa zaidi ya watu 70. Tarehe 26 Oktoba RSF iliingia mjini. Shirika la Afya Duniani lilisema zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, waliripotiwa kuuawa katika hospitali moja ya uzazi.

Haki inatutaka tuseme pia kuwa jeshi halina mikono safi. Ndege zake zimepiga masoko yaliyojaa watu, kama lile la Kabkabiya, Darfur Kaskazini, lililopigwa Desemba 2024 katika siku ya gulio, na zaidi ya watu 100 wakaripotiwa kufa.

Kwa jumla, zaidi ya watu milioni 12 walilazimika kuhama makwao. Katikati ya mwaka 2024 wataalamu wa chakula walihesabu zaidi ya milioni 25, zaidi ya nusu ya nchi, wakiwa katika njaa kali. Agosti mwaka huo baa la njaa lilithibitishwa rasmi katika kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher.

Mwito ukaitikiwa

Katika siku za mwanzo za vita, balozi zilifungwa, mashirika makubwa yakaondoka na wizara zikahamia Port Sudan. Waliobaki ni majirani. Kamati za mitaa zilizokuwa zimeongoza maandamano ya 2019 ziligeuzwa kuwa vyumba vya dharura, jina walilojipa wenyewe. Mtaa mmoja ulikuwa na chumba chake, nacho kikajiunga na cha mji, kisha cha jimbo. Vijana waliojua nani anaishi nyumba ipi, nani ana kisukari na nani ana mtoto mchanga, wakawa serikali pekee iliyoonekana.

Kazi yao kubwa ilikuwa takiya. Walilichukua jina la jiko la khalwa wakaliweka katika mitaa, shule na viwanja vya misikiti. Utaratibu ni mwepesi kuueleza, ila ni mgumu kuutekeleza. Ndugu aliyeko Riyadh, Doha au London hutuma fedha kwa programu ya simu ya Benki ya Khartoum iitwayo Bankak. Msimamizi wa takiya huzipokea katika simu yake, humlipa mwenye duka aliyebakiwa na dengu, maharage au unga wa mtama, na kuni hununuliwa au hukatwa. Kinamama hupika na watoto hupanga foleni na vyombo vyao. Matumizi huandikwa, na hesabu hurejeshwa kwa waliotoa. Hakuna mshahara.

Waliokimbia nao wengi hawakuishia kambini. Walipokewa majumbani mwa jamaa, marafiki, na hata watu wasiowajua, katika miji ya kaskazini na mashariki, nyumba moja ikibeba familia tatu au nne. Ukarimu wa mikeka ya futari uligeuka kuwa ukarimu wa mwaka mzima.

Dunia ilikuja kuwatambua. Mwaka 2025 vyumba vya dharura vya Sudan vilipewa tuzo ya Rafto ya Norway na tuzo ya Right Livelihood ya Sweden. Lakini tuzo haichemshi sufuria.

Yanayozizima takiya

Februari 2024 mawasiliano ya simu na intaneti yalikatika karibu nchi nzima. Fedha za Bankak zikakwama, na mamia ya takiya zikafunga kwa kukosa fedha. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mamia mengine yakafunga milango. Isitoshe, pande zote mbili za vita zimewakamata wapishi na wagawaji chakula, kila upande ukiwashuku kuwa wapelelezi wa mwenzake. Wako waliouawa.

Mjini El Fasher hali ilifika pabaya zaidi. Mzingiro ulipowafungia nafaka, takiya zilizobaki zilipika ambaz, yaani mashudu ya karanga, makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, ambayo kwa kawaida ni chakula cha mifugo. Watu wakala wanachokula mbuzi, na baadaye hata hicho kikaadimika.

Nyuma ya haya kuna fedha za nje. Dhahabu ya Sudan husafirishwa kwa wingi kwenda Dubai, na Umoja wa Falme za Kiarabu unatuhumiwa kuipa RSF silaha, tuhuma ambayo unaikanusha. Misri kwa upande wake inaliunga mkono jeshi. Mazungumzo ya Jeddah ya Mei 2023 yalizaa ahadi ya kuwalinda raia, iliyotiwa saini na pande zote mbili na kuvunjwa na zote mbili.

Sudan si ya mbali

Tunaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya wengine. Sivyo. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamesoma katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichoko Khartoum, na baadhi yao leo ni walimu na maimamu wetu. Mwishoni mwa Aprili 2023 Tanzania iliwarejesha nyumbani raia wake wapatao 200 kupitia Ethiopia, wengi wao wakiwa wanafunzi. Mkataba wa mwaka 2005 ulitiwa saini Nairobi. Ni Nairobi hiyo hiyo ambako Februari 2025 RSF na washirika wake walitia saini hati ya kuunda serikali yao. Serikali ya al-Burhan ikamwita nyumbani balozi wake na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Uganda nayo inawahifadhi wakimbizi wa Kisudan katika kambi ya Kiryandongo.

Hata askari wa kuazima tunawafahamu. Mwaka 1889 Wajerumani waliwaajiri askari wa Kisudan kutoka Misri kuja kupigana na Abushiri bin Salim katika pwani ya Tanganyika. Waingereza nao waliwatumia wengine, na wajukuu wao ndio Wanubi wa Kibera na wa Bombo, majirani zetu na ndugu zetu katika dini. Wametumiwa na wakubwa, na baada ya vita wameachwa wapiganie hati ya kiwanja na kitambulisho.

Basi familia ya Kiislamu inayosoma ukurasa huu ifanye nini? Kwanza, tusiwashangilie majenerali. Suratul Hujurat inatuelekeza kuwapatanisha waumini wanaopigana, na kuwapatanisha kwa uadilifu, na uadilifu hauanzi kwa kuchagua timu. Pili, anayetaka kutoa sadaka atafute njia inayofika kwenye sufuria. Wasudan wanaoishi katika miji yetu wanawajua jamaa zao wanaoendesha takiya, na watatoa hesabu wakiombwa. Shilingi ndogo inayokwenda kila mwezi ina faida kuliko kubwa inayotolewa mara moja baada ya picha ya kutisha. Tatu, tuwaeleze watoto wetu kisa hiki kikamilifu, wasije wakadhani kwamba Sudan ni nchi ya vita tu.

Nne, na hili linazihusu nchi zetu wenyewe, tuwe macho kila tunaposikia kiongozi akitaka kikosi chake nje ya jeshi na polisi, kiwe cha vijana wa chama au cha kabila fulani. Sudan haikuangushwa kwa siku moja. Iliangushwa kwa zaidi ya miaka thelathini ya kuona kuwa bunduki ya kuazima ni nafuu.

Tunamwomba Allah awarehemu waliokufa, awarejeshe waliohama, na aitie baraka kila sufuria inayochemka leo katika mtaa wa Omdurman au chini ya mti Darfur. Na atujaalie sisi tuwe miongoni mwa wanaoitikia mwito ukitolewa. Amin.